Mchezo wa Simu na Mwisho Wake

Leo, kwa makusudi kabisa, salamu za pekee nazipeleka Makurunge, huku kwetu Bagamoyo. Nawasalimu mliotoka kwenye mashamba ya miwa mkiwa mmechoka. Nawasalimu vijana wa bodaboda mnaosubiri abiria wa njia ya Saadani. Nawasalimu kina mama mnaochoma mihogo na kukaanga samaki kando ya barabara. Poleni na kazi. Vuteni kiti, na kama hakuna kiti hata ngazi ya duka inatosha, tuzungumze kidogo.

Jambo la leo ni dogo kwa umbo, linaenea kwenye kiganja. Nataka tuzungumze gemu za simu. Si zote. Gemu za mpira zina wenyewe, na za kupigana pia zina wenyewe. Mimi nasema zile za utulivu, za kufikiri kidogo: kupanga pipi tatu za rangi moja zipasuke, kupanga matofali yanayoshuka, kuunganisha namba, kutafuta neno lililojificha ndani ya herufi. Mnazijua. Mtu ameinama, kidole gumba kinatembea, mara anatabasamu peke yake, mara anasonya.

Naomba nitenganishe mambo mapema. Sizungumzii kubeti. Mikeka ya mpira na mashine za kuweka pesa ni habari nyingine, ina sheria zake na ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayoisimamia. Leo ni gemu ya bure, au tuseme inayojitangaza kuwa ya bure. Tumeelewana? Haya.

Najua kuna ndugu yangu mmoja huko ananiuliza: katika mambo yote ya Makurunge, maji, ardhi, barabara, wewe umeona utuletee gemu? Ndiyo, ndugu yangu, na nakuomba unisikilize. Nimeileta kwa sababu ya kitu ambacho sisi watu wa ukanda huu tunacho kwa wingi kuliko pesa, nacho ni kusubiri. Hebu fikirini. Dereva wa boda anasubiri abiria. Abiria anasubiri gari lijae. Mkata miwa anasubiri lori. Mama wa samaki kule sokoni Bagamoyo anasubiri mashua zirudi, na mashua zenyewe zinasubiri upepo. Mgonjwa yuko kwenye benchi la zahanati anasubiri jina lake liitwe. Kijana aliyemaliza kidato cha nne yuko nyumbani anasubiri matokeo. Zijumlishe saa hizo zote. Ni sehemu kubwa ya umri wa mtu! Basi kinachozijaza saa hizo hakiwezi kuwa jambo dogo.

Na ndiyo maana leo nina swali moja tu, nitalirudia mara kadhaa mnisamehe: huo mchezo unaoucheza, mwisho wake anaushika nani?

Twende kwanza barazani. Wangapi mnaonisikiliza mmekua mkiona bao likichezwa? Naona mikono mingi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne, kila safu mashimo manane. Kete ni 64, kila mchezaji na zake 32. Unaanza na kete sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili pembeni yake, na 22 unabaki nazo mkononi. Hapo mnanamua, yaani kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi, unakula kama pana pa kula, unatakata kama hapana. Zikiisha za mkononi mnaingia kwenye mtaji. Kwenye mtaji ndipo bingwa anapojulikana. Wewe unaona kete, yeye anaona safari nzima ya kete hizo, zinakoanzia, zinakogeukia na zitakapolala. Kuna mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alikuja Zanzibar kukaa na mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima kuhusu namna akili ya mchezaji wa bao inavyofanya kazi. Na Mwalimu Nyerere, wazee mnajua, alikuwa mpenzi wa bao.

Sasa niambieni, bao linakwisha lini? Linakwisha safu ya mbele ya mwenzako ikibaki tupu, au akiwa hana tena kete ya kucheza. Kila aliyepo analiona hilo. Hata mtoto aliyetumwa chumvi akasimama kutazama, naye anajua kwamba limekwisha, kuna aliyefunga na kuna aliyefungwa. Halafu watazameni wale wawili. Wananyanyua nyuso. Mmoja anasema, "Tuongeze lingine?" Mwenzake anasema, "Aa, adhana hiyo, tukaswali kwanza." Au anasema, "Panga, safari hii sikuachii nyumba." Iwe hivi au vile, walioamua ni wao wawili. Ubao wenyewe haujawaambia kitu.

Na vitendawili je? Jioni, mtoto anasema kitendawili, mnamwambia tega. Mkishindwa, anadai mji. Mnampa Tanga, anaukataa. Mnampa Unguja, anaukubali, anajivuna kidogo kama sultani, kisha anawapa jibu. Mnacheka, mnapokezana. Kitendawili kinafungwa mbele ya wote, na aliyeshindwa ametoa mji wake akamaliza. Hakuna mtu aliyekesha kwa sababu ya kitendawili kimoja.

Nimeanza na haya kwa sababu nasikia watu wazima wakiwalaumu vijana kana kwamba mafumbo yameanza na simu. Hayakuanza na simu. Binadamu anapenda fumbo. Kijana wa Makurunge anayehangaika na matofali ya rangi kwenye kioo anafanya kitu kilekile alichofanya babu yake kwenye ubao wa bao: ametafuta tatizo dogo linaloweza kutatulika, kwa sababu makubwa yanayomzunguka hayatatuliki kwa siku moja. Mimi simlaumu hata kidogo. Namwonea huruma akinyimwa starehe hiyo ndogo, na namwonea huruma zaidi starehe hiyo ikimgeuka.

Sasa tuje kwenye simu. Wakubwa mnaikumbuka gemu ya nyoka? Nokia waliiweka kwenye simu zao kuanzia mwaka 1997, na wengi wetu tulikutana nayo baadaye kwenye 3310, ile simu ya mwaka 2000. Nyoka anakula, anarefuka, akijigonga mwenyewe basi, yamekwisha. Lakini nani anakumbuka kwamba ndani ya 3310 hiyohiyo kulikuwa na gemu inaitwa Bantumi? Lilikuwa bao! Si hili letu la safu nne, ni lile la safu mbili, la ukoo uleule wa bao zinazochezwa Afrika nzima. Unacheza dhidi ya simu. Kampuni ya Ufini ilituuzia simu, na ndani ya simu tukakuta ndugu wa bao letu. Mimi jambo hilo linanifurahisha mpaka leo, na nasikitika kwamba tuliliacha lipite bila kulizungumza.

Kabla ya hapo kulikuwa na Tetris, mama wa matofali yote yanayoshuka. Aliibuni Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta wa Moscow, katikati ya miaka ya 1980. Matofali yanashuka, unayapanga, mstari ukijaa unafutika. Yakikuzidi yakafika juu, mchezo umekwisha. Umeona? Nyoka ana mwisho. Bantumi ina mwisho. Tetris ina mwisho, na mwisho huo unakuja wenyewe, hauhitaji kuombwa.

Nikirudi kwenye swali langu: mwisho anaushika nani? Katika michezo hii ya zamani, mwisho umo ndani ya mchezo, na baada yake uamuzi ni wako.

Kisha zikaja simu janja, na mambo yakabadilika. Mwaka 2012 ilitoka Candy Crush Saga, ile ya pipi. Kwanza ilikuwa Facebook, mwaka huohuo ikaingia kwenye simu. Gemu ya bure. Miaka michache tu baadaye, mwaka 2016, kampuni iliyoitengeneza, King, ilinunuliwa na Activision Blizzard ya Marekani kwa karibu dola bilioni 5.9. Mwaka 2023 Activision nayo ikamezwa na Microsoft. Sasa mimi na wewe, tuliokaa hapa kwenye ngazi ya duka, tuulizane: kitu cha bure kinauzwaje mabilioni?

Jibu lake si gumu. Wachezaji walio wengi hawalipi hata senti. Wachache wanalipa, na hao wachache, wakiwa wametawanyika dunia nzima, wanatosha. Gemu nyingine zinajilipa kwa matangazo: unacheza dakika mbili, unatazama tangazo nusu dakika. Kwa vyovyote vile, mwenye gemu anapata kadiri wewe unavyobaki. Ukimaliza ukaondoka, hapati kitu. Basi yeye afanye nini? Aondoe mwisho.

Na ameuondoa. Gemu ya pipi ina hatua zaidi ya 10,000, na nyingine zinaongezwa kila mara. Huwezi kuimaliza, kwa sababu kabla hujafika ukingoni, ukingo umesogezwa. Unapewa nafasi tano. Ukishindwa hatua, nafasi moja inaondoka, na inarudi baada ya nusu saa. Zikiisha zote tano unaambiwa usubiri, au ulipe, au uombe rafiki akutumie. Wewe uliyefungua gemu kwa sababu ulikuwa unasubiri gari, sasa unaisubiri gemu! Halafu pipi zenyewe zinashuka kwa bahati. Kuna hatua utashindwa mara nyingi na kosa si lako, zilivyoshuka tu hazipangiki. Siku nyingine zinashuka vizuri, zinapasuka zenyewe mfululizo, muziki unalia, unajiona hodari. Umeongezeka uhodari gani tangu jana? Hakuna. Zimeshuka vizuri.

Kuna jambo moja nataka mlisikie vizuri, maana ndilo linalokamata watu. Ni ile "bado kidogo". Umebakiwa na pipi moja tu, zamu zako za kusogeza zimeisha. Moja tu! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, mwaka 2017 waliwapima wachezaji wa gemu ya pipi kwa hali hiyohiyo. Walikuta kwamba kushindwa kwa kukaribia sana kunamkera mtu kuliko kushindwa vibaya, na pamoja na kumkera kunamtia hamu kubwa zaidi ya kuendelea. Yaani maumivu yenyewe ndiyo yanayomvuta. Kwa hiyo, kijana wangu, ukijikuta saa saba usiku unasema "hii ya mwisho" na si ya mwisho, usijitukane. Mtu mzima, mwenye elimu yake, amekaa ofisini analipwa mshahara ili wewe ujisikie hivyo.

Gemu isiyo na mwisho ni kama mgeni asiyeaga. Si mtu mbaya, hadithi zake ni tamu, lakini usiku unakwisha na wewe asubuhi una shamba.

Ndiyo. Sasa nisije nikaonekana nimekuja kuziponda. Gemu hizi zina faida, na faida ya kwanza ni kupumzika. Mtu ametoka kukata miwa tangu alfajiri, mgongo unauma, mikono imechanika. Akikaa chini robo saa akapanga rangi, akili yake ikatulia, hiyo ni haki yake na wala haihitaji kutetewa. Kuna hata ushahidi wa kitabibu unaotoka pembeni kidogo. Pale Oxford, Uingereza, katika hospitali ya John Radcliffe, watafiti waliwaendea majeruhi wa ajali za barabarani wakiwa bado mapokezi ya dharura, ndani ya saa sita tangu ajali. Waliwaomba waikumbuke ajali kwa kifupi, kisha wakawapa Tetris wacheze kama dakika 20. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: katika wiki iliyofuata, waliocheza walisumbuliwa mara chache zaidi na zile picha za ajali zinazomrudia mtu bila kuitwa. Maelezo yao ni kwamba akili inapopanga maumbo ya matofali, inakosa nafasi ya kuzikaza zile picha mbaya. Utafiti ulikuwa mdogo na ulisimamiwa na wataalamu, kwa hiyo mtu akianguka na boda Makurunge, kwanza hospitali! Lakini unaona kwamba kazi ya kupanga maumbo inagusa kitu halisi ndani ya kichwa.

Lakini msije mkauziwa uongo. Yako matangazo yanasema gemu fulani inanoa ubongo, inazuia usahaulifu wa uzeeni, inamfanya mtoto awe wa kwanza darasani. Mwaka 2016 mamlaka ya biashara ya Marekani iliibana kampuni ya gemu za ubongo iitwayo Lumosity, ikalipa dola milioni mbili, kwa sababu ilitangaza faida za namna hiyo bila ushahidi wa kutosha. Ukicheza sana gemu ya pipi, utakuwa hodari wa gemu ya pipi. Hesabu za dukani zitabaki palepale zilipokuwa.

Na wale mnaonitumia ujumbe mkisema, "Mtoto wangu amekuwa mgonjwa wa gemu", nisikilizeni kwa utulivu. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa huo, umo kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Lakini masharti yake ni mazito: mtu ameshindwa kabisa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya kila kitu, anaendelea ijapokuwa maisha yanaharibika, na hali hiyo kwa kawaida imedumu mwaka mzima. Kijana anayecheza kijiweni huku macho yake yako barabarani kutafuta abiria si mgonjwa. Aliyeacha kwenda kazini, huyo msaidieni, mpelekeni akaonane na daktari, msimpigie kelele.

Sasa niseme ya mfukoni, maana najua ndiyo mnayoyasubiri. Bando. Gemu nyingi za mafumbo ukishazipakua hazihitaji intaneti hata kidogo. Kinachokula bando ni matangazo ya video yanayoingia katikati. Kwa hiyo kabla hujacheza, zima data, au gusa ile alama ya ndege. Kama gemu ni ya kweli itaendelea, tena bila tangazo. Ikigoma, ujue hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya matangazo, ifute, tafuta nyingine. Pia inapoomba ruhusa ya kuona majina uliyoyahifadhi, kusikiliza kipaza sauti, kujua ulipo, jiulize: gemu ya kupanga pipi inataka namba ya shangazi yangu ya nini? Kataa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa nchini, lakini sheria haiwezi kubonyeza "kataa" kwa niaba yako.

Na kina mama, mkimpa mtoto simu acheze anyamaze, hakikisheni hajui namba ya siri ya pesa za simu, na kama kuna kadi ya benki mmeiunganisha na duka la programu, wekeni nywila. Mtoto hajui kwamba zile almasi za rangi zinazouzwa ndani ya gemu ni pesa. Anaona kitufe kinang'aa, anabonyeza.

Turudi kwenye swali. Mwisho anaushika nani? Nimesema gemu za pipi zimeuondoa. Je, zote ziko hivyo? Hapana. Nitawapa mfano wa moja ninayoipenda kwa dhati. Inaitwa 2048. Ilitengenezwa Machi 2014 na kijana wa Kitaliano, Gabriele Cirulli, akiwa na miaka 19, na akaitoa bure kwa yeyote. Ni ubao wa vyumba 16. Unasukuma namba juu, chini, kushoto, kulia. Mbili na mbili zinakuwa nne, nne na nne zinakuwa nane, hivyo hivyo mpaka 2048. Vyumba vikijaa na huna pa kusukuma, umefungwa. Hakuna nafasi tano, hakuna kusubiri nusu saa, hakuna almasi.

Na ina siri ambayo mcheza bao ataitambua mara moja. Anayesukuma ovyo anafungwa haraka. Mjuzi anachagua kona moja, anailaza namba yake kubwa hapo, na haiondoi kwa tamaa yoyote. Namba ndogo anazipanga kwa kushuka, moja nyuma ya nyingine, ili siku zikianza kuungana ziungane mfululizo hadi konani. Ni kuilinda nyumba, wazee wangu! Nawaambia, mpeni mcheza bao gemu hii, mwelezeni mara moja tu, mtashangaa.

Tena inachezeka na wenzako. Simu moja, vijana watatu kwenye kijiwe, kila mtu mchezo mmoja, simu inapokezwa. Aliyefika namba kubwa zaidi ananunuliwa chai. Hapo mwisho mmeshika nyinyi, na abiria akija hakuna anayesema "subiri kidogo nimalize", kwa sababu anayefuata ana hamu ya kupokea simu. Mkiwa na gemu ya pipi fanyeni vivyo hivyo: kila mtu hatua moja, ashinde ashindwe, apokeze.

Nimebakiwa na jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Ukitoka Makurunge ukashika njia ya Saadani, ukavuka mto Wami, ukaendelea na pwani, utafika Pangani, kisha Tanga. Huko mkoani Tanga, vijijini, kulifanyika jambo ambalo wengi wetu majirani hatulijui. Yalikuwepo mashindano ya kimataifa yaliyoitwa Global Learning XPRIZE. Timu kutoka nchi mbalimbali ziliombwa kutengeneza programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu, kwa kishikwambi tu. Tano zilizofika fainali zilijaribiwa hapa kwetu, kwa Kiswahili, kwa ushirikiano wa serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vijiji karibu 170, watoto zaidi ya 2,700, wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa darasani. Umeme haukuwepo, kwa hiyo vishikwambi vilichajiwa kwa jua.

Na ndani ya vishikwambi kulikuwa na nini? Michezo. Mafumbo! Buruta herufi mpaka mahali pake. Gusa picha inayoanza na sauti hii. Hesabu vitu, uweke namba. Mtoto akikosea haaibishwi mbele ya watu, anajaribu tena. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wawili walitangazwa, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Na sharti la mashindano lilikuwa hili: programu zote za fainali ziachwe wazi, yeyote azichukue, azitumie, azirekebishe.

Sisemi kishikwambi kishike nafasi ya mwalimu. Hapana, na nusu ya pili ya watoto wale inatukumbusha hivyo. Ninachosema ni kwamba mchezo mdogo wa kidole, ukitengenezwa na mtu anayetaka mtoto amalize, aende hatua nyingine ya maisha yake, unafanya kazi tofauti kabisa na ule uliotengenezwa na mtu anayetaka asimalize. Kioo ni kilekile. Rangi ni zilezile. Tofauti ni nia ya aliyeutengeneza.

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana wanaosomea kompyuta, hapa Bagamoyo, Dar es Salaam, Unguja, popote mnaponisikia. Tutengenezeeni. Tutengenezeeni bao la Kiswahili la kwenye simu lenye namua na mtaji wake kamili, linalochezeka kwenye simu ya bei ndogo bila bando, na linalomfundisha asiyejua aelewe nyumba ni nini na kichwa ni kipi. Tutengenezeeni vitendawili ambavyo ukishindwa unatoa mji, na miji yenyewe iwe Kaole, Saadani, Pangani, Makurunge. Wekeni mafumbo ya maneno kwa Kiswahili chenye methali na misamiati ya uvuvi na ya shamba. Na nyinyi wazee wa baraza, kijana akija na simu yake kuwauliza kete inakwendaje, msimfukuze. Mkalisheni, mwonyesheni.

Kijana wa boda, namba yangu ya ujumbe unaijua, nitumie: 2048 umefika ngapi? Na mzee yeyote atakayemfunga, naye anitumie, nitawasoma wote wawili kwa sauti kipindi kijacho. Dakika zangu zimekwisha. Msomaji wa taarifa ya habari ameshakaa kwenye kiti chake. Usiku mwema, Makurunge.